Kwa Yaya Conso, Aliyekataa Kukaa

Yaya Conso,

Nimekaa.

Usifikiri nimeegemea ukuta kidogo nikisubiri maji yachemke. Nimekaa kabisa, kwenye kiti cha plastiki uani kwetu hapa Cibitoke, miguu nimeinyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni Jumamosi mchana na hakuna mtu anayeniita. Baba Ketsia yuko mbele kwenye karakana yake, anachomelea geti la jirani, na kila akivua ile miwani yake nyeusi ananichungulia kama mtu anayehakikisha kuku wake hajatoroka. Ketsia ameenda kwaya. Nami nakuandikia wewe, kwa sababu habari hii nimeshaisimulia kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Afya yako sikuulizi. Katika wodi yetu nzima, wewe ndiye pekee ambaye presha haimsumbui tena. Najua unacheka. Ulikuwa unacheka hata msibani.

Wacha nianzie mbali kidogo. Unakumbuka siku niliyoripoti kazini? Nilikuwa na diploma mpya, bluzi nyeupe yenye mistari ya pasi, na Kirundi kinachochechemea, Kirundi cha binti wa Uvira aliyevuka mpaka akiwa mkubwa tayari. Nilimuuliza mzee mmoja maumivu yako wapi, nikakosea neno, wodi nzima ikaangua kicheko. Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ukanishika mkono, ukanisimamisha katikati ya vitanda, ukasema kwa sauti yako ile ya mnadani: "Huyu ni mudogo wangu. Kirundi chake kinachechemea, lakini mukono wake hauchechemee. Mutaona!" Tangu siku hiyo nikakuita Yaya, dada mkubwa, ingawa kwa umri ungeweza kunizaa.

Ulinifundisha kutafuta mshipa kwa kidole kabla ya kuutafuta kwa jicho. Ulinifundisha kutabasamu mlangoni. "Mugonjwa anaona sura yako mbele ya kuona sindano," ulisema. Na kila mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, wewe ulimsindikiza kwenye korido ukicheza, kiuno hivi, mabega hivi, na wale waliobaki vitandani wakipiga makofi, hata wale wasio na nguvu za kumeza uji. Madaktari wageni walidhani umerukwa na akili. Baada ya wiki nao walikuwa wakipiga makofi.

Jambo moja tu hukutufundisha, Yaya. Kukaa.

Ulikula umesimama, andazi moja likitoka kwenye mfuko wa bluzi kipande kipande. Ulijaza faili za wagonjwa umesimama. Tukikuvutia kiti ulikipiga teke taratibu: "Nikikaa, kazi itanikalia." Sisi tulicheka, tukaona huo ndio ushujaa, na kila mmoja wetu akataka kuwa hivyo. Évariste, yule kaka yetu wa wodini, mkubwa kama kabati, ndiye aliyekuiga kuliko wote. Ukimuuliza hali, jibu lake lilikuwa lile lile: "Mi sichokaka." Yaani yeye hachoki kamwe.

Halafu ile Jumapili asubuhi, binti yako Aline akikuletea viatu vya misa, ukashika kichwa, ukasema kinauma, ukaanguka. Mshipa ulipasuka ndani. Wewe uliyepima presha ya nusu ya mji huu! Kwenye mazishi Évariste aliniambia kwamba kwa miaka yote mliyofanya kazi pamoja hakuwahi kukuona ukinyoosha mkono wako mwenyewe ufungwe kile kitambaa cha presha. Watu walikuja wengi mno. Wagonjwa wako wa zamani walikuja wamevaa vizuri, na mmoja, yule mwenye magongo, alicheza pembeni mwa kaburi kama ulivyomchezea wewe. Padri akajifanya anatafuta ukurasa.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako.

Walinipa mimi nafasi yako. Nesi mkuu wa wodi! Mama yangu alipika wali siku hiyo, kuku wawili wakapoteza maisha. Lakini wodi niliyoirithi haikuwa ile uliyoiacha. Wenzetu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, wengine kwenda Ulaya, wengine nchi za Waarabu, na aliyeondoka hakuna aliyekuja mahali pake. Vitanda havikupungua. Basi tuliobaki tukawa tunaunganisha zamu, ya mchana na ya usiku na ya mchana tena. Kutoka kazini, mafuta hakuna, mabasi hayaonekani, unarudi Cibitoke kwa miguu pamoja na mji mzima. Mi nikasema moyoni, Yaya Conso angefanyaje? Yaya Conso angesimama. Nikasimama.

Mwanzoni niliweza. Kisha vikaanza vituko.

Niliweka chumvi kwenye chai ya Baba Ketsia, naye akainywa yote bila neno, mwanaume wa watu. Nikaweka tena kesho yake. Ndipo akauliza kwa upole kama ni dawa. Siku nyingine Ketsia alikuja kunionyesha daftari lake la shule, nami nikamwambia, "Subiri zamu yako, nakuja kitandani kwako." Mtoto akasimama pale, akaniangalia. Jumapili iliyofuata, kanisani, mwalimu wa watoto akauliza nani ana ombi la sala. Ketsia akainua mkono, akasema mbele ya watu wote: "Tumuombee mama yangu. Anatembea lakini hayupo."

Walinisimulia hayo nikiwa kazini. Sikulia. Hilo ndilo lililonitisha, Yaya: sikulia. Siku hizo hizo tulimruhusu mama mmoja wa Mutimbuzi tuliyekuwa tumemkatia tamaa. Akatoka na miguu yake. Wasichana wakamchezea kwenye korido, makofi, vigelegele, na mimi nikasimama na faili mkononi bila kusikia chochote ndani. Sikuwa na furaha, wala hasira. Nilikuwa kama redio iliyowashwa lakini haijashika stesheni. Nilichowaza ni kwamba kitanda kimepatikana.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wote walikuwa wamechoka, na aliyechoka hamwambii aliyechoka. Dada yangu wa Uvira alikuwa ananiita tukauze vitenge, nami nikaanza kuhesabu vitenge kichwani huku nikibadilisha bandeji.

Na sasa, Yaya, sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokuaibisha, na hapa ndipo ulipotuokoa.

Aline alichumbiwa. Kijana mzuri, mwalimu, mpole, masikio makubwa kidogo lakini yanamfaa. Sherehe ya mahari ikapangwa nyumbani kwako, Mutanga Nord. Wajomba zake wakaja kwetu rasmi, wakaniomba nikae mahali pa mama. Mahali pako! Nilishona kitenge kipya. Nilitoka zamu ya usiku asubuhi ile, nikaoga kwa maji baridi, nikajipaka poda juu ya macho ya kukesha, nikaenda.

Unazijua hotuba zetu. Mzee wa upande wa kijana anasimama, anasalimia, anazungukia milima na mito yote ya nchi hii kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Mzee wetu anajibu kwamba hajaelewa. Yule anaanza upya. Kivuli kilikuwa kizuri, kiti kilikuwa na mto, na mimi nilikuwa sijakaa kwenye kiti chenye mto tangu sijui lini. Walipofika kwenye ng'ombe, usingizi ulikuwa umeshanichukua.

Watu wakapiga makofi. Mi nikashtuka, nikasimama wima mbele ya ukoo wote na wakwe wote, kitambaa cha kichwa kimenifunika jicho, nikapaza sauti: "Serumu imeisha! Kitanda cha dirishani, serumu imeisha!" Nilidhani niko wodini, na dripu ya mgonjwa imekauka.

Yaya, hata watoto waliacha kugombania Fanta. Yule mzee wa upande wa kijana, Mungu ambariki, akaishika fimbo yake, akainama kwa heshima, akasema: "Wakwe wetu, tumemusikia mama. Serumu imeisha. Vijana, lete ingine, na ikuwe baridi!" Zikaletwa kreti za bia. Kicheko kilipasuka hadi majirani wakatoka nje. Mpaka leo, ukoo wa yule kijana, mtu akimaliza chupa anasema serumu imeisha.

Wote walicheka isipokuwa watu wawili. Aline alinishika kiwiko, akanipeleka ndani, chumbani kwako, akanilaza juu ya kitanda chako bila kunivua viatu. Évariste alitufuata. Aline akafungua kabati lako, akatoa kipimo chako cha presha, kile cha zamani chenye mpira ulioshonwa. Nikasema hapana, niacheni, wageni wananingoja. Évariste akapiga goti kando ya kitanda. Alinifunga kitambaa mkononi, akabonyeza, akasikiliza. Akarudia. Yule mtu mkubwa kama kabati akakifungua kitambaa taratibu.

"Yaya Riziki," akasema, "hii tansiyo, hii presha, ni ile iliua Conso."

Nikaanza kumweleza kwamba ni usingizi tu, ni kahawa, ni mbio za asubuhi. Maneno yale yale tunayoyasikia kila siku kwa wagonjwa, na tunayaitikia kwa kichwa bila kuyaamini. Aline akanikatiza. Alikuwa amevaa vazi la sherehe, shanga kichwani, mrembo mpaka unaumia, na uso umeloa machozi.

"Nilishazika mama mumoja," akasema. "Sitaki kuzika wa pili. Na weye ukienda vile alienda, ile harusi sitaifanya."

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa yote, kwa yule mama wa Mutimbuzi, kwa sala ya Ketsia, kwa ajili yako, kwa sababu siku uliyozikwa nilikuwa nimerudi kazini kabla udongo haujakauka kwenye viatu. Évariste naye akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na akalia. Na nje walikuwa wanacheza ngoma. Ulikuwa msiba wa furaha kuliko yote niliyoiona.

Aliponyanyuka, akapangusa uso kwa tai yake, akasema kitu ambacho sikutegemea kukisikia maishani mwangu: "Mi nimechoka."

Jumatatu akakirudia mbele ya mkurugenzi.

Tulikwenda wote, manesi wa wodi nzima, wale wa zamu na wale waliokuwa nyumbani, tukajazana kwenye ofisi yake ndogo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima ya Kifaransa. Évariste akanitangulia. "Daktari, mi nimechoka. Yaya Riziki ameanza kufa. Conso alishakufa. Tunaomba tubakie wazima." Mkurugenzi ni mtu mkavu, unamjua. Alituangalia, akavua miwani, na tukaona macho yake yalivyo mekundu. Akasema watu wa kuajiri hana, na hawezi kuwatoa hewani. Tukasema tunajua. Akauliza, sasa mnataka nini? Tukamwambia. Likizo, ambazo hakuna aliyechukua tangu wengine waanze kuondoka. Mtu akitoka zamu ya usiku, aende kulala kwake, hata kama dari inaanguka. Na kila mmoja ale mchana, amekaa, mwenzake akimshikia vitanda vyake.

Alifikiri sana. Akasema kwa likizo atatuazima manesi wawili kutoka wodi nyingine, wapokezane mpaka wote tupumzike. Kwa zamu, atapanga upya yeye mwenyewe. Na kuhusu chakula akasema, "Mulikuwa mnakula wapi siku hizi zote?" Tulikuwa hatukumbuki.

Mimi nikawa wa kwanza kutolewa. Daktari akaniandikia vidonge, nikapelekwa Carama kwa shangazi yangu Mama Feza, pale nyumba zinapokwisha na mashamba yanaanza. Baba Ketsia alinibebea begi mwenyewe, akamkabidhi shangazi vidonge mbele yangu kama mtu anayekabidhi funguo za gari. Siku za kwanza nililala tu. Niliamka, nikala sombe, kisamvu kilichopondwa, nikalala. Nikiamka niliona aibu, nikawaza vitanda vyangu, nikatafuta simu. Simu shangazi alikuwa ameificha kwenye gunia la mchele. Baadaye nikaanza kupalilia naye lenga-lenga, mchicha wake, asubuhi kabla jua halijachoma, na jioni tukikaa mlangoni tukichambua maharage, akisimulia habari za watu waliokufa zamani na kosa la kila mmoja.

Nilikuwa nimebeba bluzi yangu nyeupe. Usiulize kwa nini. Labda niliogopa kwamba bila hiyo mimi si mtu. Nikaifua, nikaianika kwenye kamba. Niliporudi kutoka shambani nikamkuta mbuzi wa jirani ametulia, macho yamefumbwa nusu, anatafuna mfuko. Na shingo ya bluzi ilishakwenda. Nikapiga kelele, nikaokota fimbo. Shangazi akanishika mkono.

"Acha ikule," akasema. "Ile nguo ilikuwa inakukula weye."

Yaya, nilicheka. Nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka mpaka mbavu zikauma, mbuzi ananitazama, kifungo kimoja kinaning'inia mdomoni mwake. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko kinaanzia tumboni. Jioni ile shangazi alinirudishia simu, nikampigia Ketsia, nikamsimulia habari ya mbuzi, naye akacheka, halafu akauliza: "Mama, umerudi?" Mtoto alijua niko Carama. Aliuliza kitu kingine. Nikamwambia, ndiyo, niko njiani.

Sitakudanganya kwamba sasa mambo ni laini. Manesi bado ni wachache. Wiki iliyopita glavu ziliisha tena. Kuna siku bado narudi kwa miguu nikiwa sitaki kusikia sauti ya binadamu yeyote, na Baba Ketsia amejifunza kuniwekea chai na kuondoka. Vidonge nameza kila asubuhi. Évariste ndiye ananipima, naye namfunga kitambaa mimi, mbele ya wagonjwa, kwa makusudi, wauone mkono wa nesi umenyooshwa kama mikono yao. Wagonjwa wanapenda sana. Wanashangilia namba zikishuka kama watu wanaotazama mpira.

Mchana tunakula tumekaa. Tulipata meza kuukuu, Baba Ketsia akaichomelea mguu. Mwanzoni tulikaa kama watu walioiba, tukimeza bila kutafuna. Sasa kuna kelele pale! Évariste anapika ndagala, hawa dagaa wa ziwani, kuliko wanawake wote wa wodi, nani angejua? Alikuwa anaficha kipaji chote hicho nyuma ya "mi sichokaka".

Na harusi ya Aline ilifanyika. Nilikaa mahali pako kanisani, macho nimeyafumbua pima, na kila mara mtu wa ukoo wa bwana harusi alinigusa bega kuhakikisha. Ulipendeza, Yaya. Nasema ulipendeza kwa sababu Aline akigeuka hivi, upande wa kushoto, ni wewe mtupu. Wanaishi karibu na kwenu. Anakuja kunitembelea, analeta mandazi, anakaa mpaka nimemaliza kula la mwisho.

Nilikukasirikia, ujue. Baada ya Carama ndipo nilipokukasirikia, kwa kutuachia ule mfano na kuondoka nao. Kisha nikawaza, nani alikuambia wewe ukae? Hakuna. Sote tulikuwa tunakupigia makofi umesimama. Basi hasira ikaisha, ikabaki hamu tu. Nina hamu na wewe, Yaya. Nina hamu na ile sauti ya mnadani.

Baba Ketsia amezima mashine yake. Ananiambia jirani ameleta mukeke, samaki wa ziwani, na kwamba atambanika yeye, mimi nisiinuke. Sitainuka.

Lala vizuri, dada mkubwa. Lala kama mtu aliyemaliza zamu yake, na wenzake wamempokea. Wodi yako iko mikononi mwetu, na mikono yetu haichechemei.

Nami nakuahidi jambo moja tu. Nitazeeka. Nitazeeka vibaya, meno yang'oke, nisikie kwa sikio moja, niwasumbue wajukuu wa Ketsia kwa hadithi zisizokwisha, na nikipelekwa hospitalini nimlalamikie nesi kwamba siku hizi hawajui kutafuta mshipa. Mengine yote ulinifundisha. Hili itabidi nijifunze mwenyewe.

Mudogo wako,
Riziki